Redio ya Darini

Watu wengi mtaani hawajui kwamba Mama Vifungo humwendesha mume wake kwa redio. Wangejua, wangemcheka, halafu wangekuja mmoja mmoja kwa siri kuomba wafundishwe.

Mama Vifungo ni mshonaji wa sare. Anashona za wauguzi, za walinzi, na za watoto wa shule mbili zilizo jirani, na jina lake alilipata kwa ukali wake juu ya vifungo. Mpelekee shati la kupunguzwa mikono, atakurudishia vifungo vyote vimekazwa upya, uwe umemwomba au hukumwomba, na maneno juu yake. Cherehani yake iko sebuleni, chini ya dirisha, na akiinua macho anaona uwanja mdogo wa saruji, kamba ya nguo na geti. Ana miaka sitini na miwili. Miguu humvimba ikifika jioni, lakini si mtu wa kulalamika. Kubishana, hapo sawa, atabishana na yeyote tangu asubuhi. Kulalamika hajui kunaanzia wapi.

Mume wake alikuwa fundi wa simu za mezani. Miaka thelathini alipanda nguzo na kushuka nguzo, akiunganisha watu ambao hakuwahi kuonana nao, na mtaani wakamwita Mzee Waya. Wanamwita hivyo hadi leo, ila siku hizi hageuki kila akiitwa. Ugonjwa ulianza na funguo, ukahamia kwenye majina ya watu, ukaja kwenye nyuso. Mwaka sasa unakatika tangu alipoanza kumwita mke wake "dada". Humwita kwa adabu kabisa, kama unavyomwita mtu anayekuja kusaidia kazi za nyumbani kisha anaenda zake. Ahsante, dada. Dada, hii chai ina sukari? Mara ya kwanza Mama Vifungo alidhani anataniwa. Mara ya pili aliingia bafuni akalia, akanawa uso, akarudi kumalizia kola ya watu. Tangu hapo huitikia.

Asubuhi mzee hana neno. Hukaa kwenye kiti karibu na cherehani na kuchambua vifungo kwa rangi, hana hili wala lile. Balaa huanza jua likishapinduka. Ikifika saa saba mchana miguu inamwasha. Anatafuta viatu, anasema amechelewa kazini, kuna laini imekatika mahali na watu wanamsubiri. Ukimshika mkono anakuwa mbogo. Ukimfungia mlango anaugonga mpaka viganja vinavimba. Mwaka juzi alitoka wakati mkewe anampima mteja, akapatikana kesho yake kwenye barabara kuu, ana kiatu kimoja, amesimama juu ya mstari mweupe anaangalia nyaya za juu huku malori yanampita pua na mdomo. Dereva aliyemrudisha alikuwa anatetemeka kuliko yeye.

Aliyewaokoa ni Shemeji.

Shemeji ni mtangazaji wa kipindi cha salamu, saa saba mchana hadi saa kumi na moja, kila siku ya Mungu. Hujiita shemeji wa wote, na kwa ushemeji huo hujipa ruhusa ya kumtania kila anayepiga simu. Hasomi salamu bila kuuliza anayesalimiwa amekula nini. Ana sauti nzito yenye kicheko ndani yake, na Mzee Waya akiisikia hiyo sauti, habari ya laini iliyokatika inamtoka kichwani. Anaifuata.

Nyumba yenyewe mzee aliiandaa mwenyewe, zamani, akili zikiwa zake. Nyuma ya king'amuzi cha televisheni kulikuwa na matundu mawili, jekundu na jeupe. Kutoka hapo alivuta waya, akaupandisha darini, akaushusha kwenye vyumba vinne: sebule, jiko, chumba cha kulala na bafu. Kila chumba kina spika iliyofichwa juu ya ubao wenye vitundu, na swichi yake karibu na mlango. King'amuzi hicho kilikuwa na redio ndani yake. Unabonyeza rimoti, kioo kinakuwa cheusi na jina la stesheni tu, na Shemeji anaongea nyumba nzima. Wageni walikuwa wanainua shingo kutafuta sauti inatoka wapi, naye Mzee Waya anavimba kichwa, anasema ni siri ya fundi.

Utasema, si wangenunua redio ya kawaida wakamaliza maneno. Walinunua tatu. Redio anayoiona, Mzee Waya anaifungua. Mikono yake imesahau kufunga vifungo vya shati lakini haijasahau bisbisi, na ukimnyima bisbisi atatumia kijiko. Redio zote tatu ziliishia kwenye kopo, vipande vipande, zimepangwa vizuri sana. Na simu ya mteja mmoja nayo, ambayo ilileta maneno mengi. Sauti pekee aliyoiacha salama ni ile isiyo na mwili, ya darini, na king'amuzi chenyewe kilifungiwa kabatini.

Basi siku moja Mama Vifungo alizima swichi ya sebuleni, akasahau kuzima ya bafuni, na mzee akainuka akaenda zake bafuni. Alikuwa amegoma kuoga siku nne. Mama Vifungo alisimama na futi yake shingoni, akamwangalia akivua shati mwenyewe, na akili ikamjia. Kuanzia hapo hakumvuta mkono tena. Akitaka aoge, anaacha bafu tu linaongea. Akitaka ale, jiko. Akitaka alale kidogo, chumbani. Kazi yake ni kuinuka kwenye cherehani, kubonyeza swichi mbili na kurudi. Na saa kumi na moja Shemeji akiaga, akisema zamu yake imekwisha na kila mtu akapumzike, Mzee Waya hukaa chini palepale alipo. Mara moja alikaa kwenye sakafu ya ukumbini, mguu mmoja ndani ya jiko, akakaa hivyo mpaka binti yao aliporudi kutoka kazini.

Mama Vifungo akajiwekea kanuni kichwani: sauti inamtembeza, kimya kinamkalisha. Kanuni nzuri, fupi, na ilikuwa na kosa katikati. Kosa hilo hakuliona kwa miaka miwili kwa sababu hapakuwahi kutokea mchana ambao nyumba ilikuwa kimya.

Kubadilisha kampuni ya televisheni lilikuwa wazo la binti. Yeye anafanya kazi maabara hospitalini, mtu wa vipimo, hapendi kitu kinachokwamakwama, na king'amuzi cha zamani mvua ikinyesha kilikuwa kinagandisha watu midomo wazi. Kabla ya kuhama alipiga simu kampuni mpya na kuuliza, "Redio zipo?" Akajibiwa zipo arobaini na mbili. Mbele ya jibu hilo nani angeendelea kuuliza?

Mfungaji wa king'amuzi kipya aliambiwa aje asubuhi. Alikuja saa nane u nusu, mtu mzima, mpole, mkanda wa vifaa kiunoni na jasho mpaka kwenye kope.

"Samahani, mama. Kazi zimeingiliana."

"Saa hizi mimi sitaki mtu ndani," Mama Vifungo alisema. "Basi ingia. Utatumia muda gani?"

"Nusu saa tu."

Darini Shemeji alikuwa anamuuliza mwanamke mmoja kwa nini anamsalimia jirani na si mume wake. Mama Vifungo aliacha chumba cha kulala peke yake kinaongea, akangoja mzee aende huko, akamwambia mfungaji aanze. King'amuzi cha zamani kilipochomolewa, Shemeji alikatika katikati ya kicheko. Mama Vifungo alichungulia chumbani. Mzee alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini, uso juu. Kimya kimemkalisha, alijiambia. Akarudi sebuleni akiwa na amani yake.

Mfungaji alipanda juu akageuza dishi, akashuka, akaunganisha king'amuzi kipya, kidogo kama kipande cha sabuni. Picha ikaja safi mno. Mama Vifungo hakuitazama.

"Nitafutie redio."

Walianza na ya kwanza. Piano. Ya pili, muziki wa kupumzisha akili. Ya tatu, lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeijua. Walishuka hivyo mpaka arobaini na mbili, na njia nzima hawakumkuta mtu yeyote anayemuuliza mwenzake amekula nini.

"Shemeji yuko wapi?"

"Hii wameweka redio za muziki zaidi, mama. Za hapa hapa ziko mbili, na hiyo yenu haimo."

"Na waya wa darini unaingia wapi?"

Mfungaji alikigeuza kile kisabuni, akamwonyesha mgongo wake. Hapakuwa na tundu jekundu wala jeupe. Palikuwa na mdomo mmoja mwembamba na waya bapa unaokwenda moja kwa moja kwenye televisheni.

"Matundu yale siku hizi hawaweki," alisema. "Ila nina kifaa kwenye gari, kinaweza kutoa sauti pembeni. Kwa stesheni siahidi."

"Nirudishie cha zamani."

"Kadi yake imefungwa, mama. Mlipohama tu, wakaizima."

Akatoka kwenda garini. Mama Vifungo akachukua simu akapiga kampuni mpya kutafuta ugomvi. Aliwekewa muziki, na katikati ya muziki mtu akamwambia kuwa simu yake ni muhimu sana kwao. Alisubiri dakika tisa, anatembea sebuleni huku na huku, anapanga maneno. Yalikuwa maneno makali kwelikweli, na hayakupata kusikiwa na mtu, kwa sababu kwenye dakika ya tisa alipita mlango wa chumba cha kulala na kuona kitanda kitupu.

Jiko, hayupo. Bafu, hayupo. Ndala zake ziko chini ya kitanda, viatu vya kutokea havipo. Kisha akaziona swichi. Ya chumbani ilikuwa imewashwa, ni kweli, aliiwasha mwenyewe. Lakini ya jikoni nayo imewashwa. Ya bafuni. Ya sebuleni, nyuma ya mgongo wake alipokuwa anazungumza na muziki. Mzee alipita chumba kwa chumba, akabonyeza zote nne, akasikiliza, na alipoikosa sauti nyumba nzima akaenda kuitafuta kwingine. Si kimya kilichokuwa kinamkalisha siku zote hizo. Ni Shemeji kuaga. Na leo Shemeji hakuaga, alikatwa.

Mama Vifungo alikimbilia nje. Geti lilikuwa wazi, mfungaji ameinama ndani ya gari lake anapekua.

"Hujaona mtu anatoka?"

Mfungaji aliangalia geti, akaangalia mikono yake. "Nimeliacha mimi wazi," alisema. Hakujitetea, na kwa hilo mimi namheshimu. "Anapenda kwenda wapi?"

"Anakofuata redio. Wewe nenda na gari upande wa sokoni. Ukimpata usimshike mkono. Mfungulie redio."

Yeye alishika upande wa pili, ambako mtaa unateremka na mwisho wake ni barabara kuu. Ilikuwa saa tisa na robo. Alimpigia binti, simu iliita mpaka ikakata, maabara huwa wanaziacha kabatini. Basi akaenda kwa masikio. Hakuna aliyewahi kuniambia jambo la ajabu zaidi juu ya mtaa huo: mwanamke mnene na ndala zake, futi bado iko shingoni, anasimama kila baada ya milango mitatu, anafumba macho na kusikiliza.

Kwa kinyozi redio ilikuwa inatangaza mpira.

"Alikuwa hapa mlangoni," kinyozi alisema bila kuinua mashine kwenye kichwa cha mteja. "Amesimama vizuri tu, anasikiliza Shemeji. Huyu ndugu akaomba mpira, nikabadilisha. Mzee akaondoka. Nilijua mko wote."

"Alielekea wapi?"

"Chini."

Chini, kwa fundi baiskeli, Shemeji alikuwa anaongea kwa sauti ya juu kutoka kwenye redio iliyotundikwa kwa msumari. Mama Vifungo alitupa macho huku na huku. Mzee hakuwepo. Fundi baiskeli alikuwa amekasirika kidogo na kuona haya kidogo.

"Mama, alichukua bisbisi yangu akaanza kufungua redio. Nikamwambia mzee, acha, tafadhali. Sikumtukana. Nikaitundika juu asiifikie. Akakaakaa, halafu lile lori la soda likapita, nalo limefungua stesheni hiyohiyo, kubwa kuliko yangu. Akalifuata."

"Akalifuata kwa miguu?"

"Lilikuwa linashusha kreti duka hadi duka. Taratibu. Alikuwa nyuma yake, ameshika bodi."

Duka la mwisho kabla ya barabara kuu walimwona. Lori lilishusha kreti sita, likaingia barabarani, na mzee akaingia nalo. Hiyo ilikuwa kama robo saa iliyopita. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na nusu.

Mama Vifungo alitoka hapo miguu ikiwaka moto. Barabara kuu hiyo unaijua ilivyo, hata kama hujawahi kuiona: njia nne, vumbi pembeni, malori yamefuatana kama yamefungwa kamba, na jioni ikikaribia kila mtu anataka kuwahi. Upande huu magereji, upande ule magereji. Alisimama akafumba macho kama alivyofanya njia nzima, na hakusikia chochote. Injini zilikuwa zimemeza kila sauti. Masikio yake, ambayo ndiyo yaliyomfikisha hapo, hayakuwa na kazi tena.

Hapo ndipo hofu ilipomkamata sawasawa, kwa sababu aliikumbuka saa kumi na moja. Popote Mzee Waya atakapokuwa Shemeji akiaga, atakaa chini. Ukumbini, sawa. Kwenye mstari mweupe je?

Alimwona mtu anaziba pancha chini ya turubai, redio ndogo kando ya ndoo ya maji. Alimwendea mpaka pua karibu igusane na redio. Shemeji alikuwa anasema wamebakiwa na dakika chache, wenye salamu wafanye hima.

"Naomba kukaa hapa nipige simu," alisema.

"Kaa, mama. Unaumwa?"

Hakumjibu. Namba ya kipindi hakuwa ameiandika popote, lakini kwa miaka miwili ilikuwa inatajwa darini kila baada ya robo saa, na aliijua kuliko ya binti yake. Alipiga. Inatumika. Alipiga tena. Inatumika. Alipiga akiwa anaangalia barabarani, alipiga akiwa amefumba macho, vidole vinateleza kwa jasho. Mara ya kumi na tisa au ya ishirini mwanamke akapokea akamwambia asubiri na asiweke redio karibu. Mziba pancha, ambaye alikuwa ameshaelewa nusu, akaizima yake. Ilibaki dakika tano.

"Shemeji yangu wa mwisho leo," sauti ilisema sikioni, nene, karibu kuliko alivyowahi kuisikia. "Unamsalimia nani, na amekula nini?"

"Simsalimii mtu. Nimepotelewa na mume wangu."

"Amekukimbia saa ngapi?" Kicheko kikaanza.

"Shemeji, nisikilize. Mume wangu hana kumbukumbu. Anafuata sauti yako. Miaka miwili anafuata sauti yako ndani ya nyumba, na leo televisheni imebadilishwa, hupo, ametoka kukutafuta. Yuko barabara kuu. Ukiaga atakaa chini popote alipo. Nakuomba usiage."

Kicheko kilikatika.

"Anaitwa nani?" Shemeji aliuliza, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo.

"Mzee Waya. Shati la bluu la mikono mirefu. Ni mrefu, anaangalia juu."

"Sema naye, mama. Kama anatufuata, anakusikia sasa hivi. Sema naye wewe."

Hilo hakulitegemea. Alitaka Shemeji ndiye aseme. Nani katika nyumba ile alikuwa anamsikiliza yeye? Mbele yake lori la kokoto lilipita, turubai likapepea. Mama Vifungo alifunika sikio la pili kwa kiganja. Alitaka kumwambia akae, na akaona hawezi kumwambia akae, maana hakujua amesimama juu ya nini.

"Baba," alisema. Hakuwa amemwita hivyo tangu aanze kuitwa dada. "Ni mimi. Laini imeshapona. Wameiunganisha, hakuna anayekusubiri. Toka barabarani. Nenda pembeni kabisa, kwenye ukuta au kwenye kivuli, ukae hapo. Mtu asikuondoe. Nakuja mwenyewe kukuchukua." Pumzi ilimwishia. "Nakuja. Toka barabarani, baba."

Halafu Shemeji akaingia, akarudia yote polepole, shati la bluu, mrefu, anaangalia juu, aliyemwona apige simu, na madereva wote wanaosikiliza wapunguze mwendo. Simu ya Mama Vifungo ikakatwa. Mziba pancha akawasha redio yake. Saa kumi na moja ikafika na Shemeji hakuaga. Mtu wa taarifa ya habari hakupewa nafasi yake. Shemeji aliendelea kusema, anarudia maneno yaleyale, bila mzaha hata mmoja, na ilikuwa dhahiri kwamba hajui aseme nini kingine na anaogopa kunyamaza.

Dakika sita baadaye mwanamke alipiga, mhudumu wa kituo cha mafuta. Kelele nyuma yake zilikuwa zilezile za barabara hii.

"Yupo hapa kwetu," alisema. "Kituo cha pili ukitokea mjini, kwenye mashine ya upepo. Amekaa. Mzima."

Mama Vifungo hakumsikia Shemeji alivyoaga. Mziba pancha alimsimamisha mwenye pikipiki, akampandisha, na kilomita moja ile ilikuwa ndefu kuliko mchana wote.

Lori la soda lilikuwa pembeni ya pampu, mlango wa dereva wazi, redio imezimwa. Mhudumu, mwenye sare ambayo kifungo chake cha tatu kilikuwa kinaning'inia, alimpokea kwa mikono miwili.

"Alikuwa katikati ya barabara, mama. Katikati. Dereva ameingia kujaza mafuta, yeye amebaki kule anaangalia juu. Tunamwita, hasikii. Ile sauti yako ilipotoka kwenye lori, akageuza kichwa hivi, akaja mwenyewe. Gari moja lilifunga breki mpaka likalia. Akaketi pale. Nikamuuliza, mzee, unamjua huyo anayeongea? Akaniambia, huyo ni mke wangu, ananiita kila siku."

"Kasema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema. Mke wangu huniita kwa redio. Kila siku."

Mama Vifungo alishika nguzo ya pampu. Miaka miwili alikuwa anabonyeza swichi kwa kujificha, akiamini anamwibia mzee akili kwa sauti ya mwanamume mwingine. Kumbe mzee alijua nani yuko kwenye swichi.

Alikuwa ameketi juu ya kreti tupu, mgongo ukutani, shati la bluu limeloa kwapani, viatu vyote viwili viko miguuni. Mikono magotini. Mama Vifungo alisimama mbele yake mpaka kivuli chake kikamfunika uso, naye akainua macho, akamtazama kwa ile adabu yake.

"Pole na jua, dada."

"Ahsante," alisema. "Tumekuja kukuchukua. Inuka twende nyumbani."

Mzee Waya alitikisa kichwa. "Siwezi kuondoka, dada. Mke wangu amenipigia, amesema nikae hapa pembeni, mtu asiniondoe. Anakuja mwenyewe."

Mama Vifungo, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuacha ubishi ambao haki ilikuwa yake, alifungua mdomo. Alimwangalia usoni. Hapakuwa na wasiwasi hata chembe katika uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyepewa ahadi na anamjua aliyeitoa.

"Amesema anakuja saa ngapi?" aliuliza.

"Sasa hivi. Miguu inamsumbua, lakini akisema anakuja, anakuja." Akasogea, akampa nusu ya kreti, akaipangusa vumbi kwa kiganja. "Kaa, dada. Umechoka."

Mama Vifungo akaketi, wakamsubiri.